Kamera ya kwenda nayo sokoni

Swali la kama mpiga picha abebe kamera kila aendako huulizwa kana kwamba kamera zote ni moja. Kamera kubwa yenye lenzi ya 24–70 mm, uwazi wa f/2.8 (tundu la kupitishia mwanga; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), inaweza kupita kilo 1 na nusu. Mzigo huo hauendi soko la Darajani, hapa Unguja, kununua samaki. Utabebwa siku tatu, ya nne utabaki kabatini, na mwenyewe atajilaumu kwa uvivu ilhali kilichomshinda ni uzito. Ricoh GR III, yenye sensa (kipande kinachopokea picha) ya ukubwa uitwao APS-C, ina gramu 257 ikiwa na betri na kadi ndani. Hiyo inaingia mfuko wa kanzu. Kwa hiyo ndiyo, ibebwe kila siku, ila iwe kamera inayobebeka.

Kwa Unguja sababu yangu ya kwanza ni mwanga. Kisiwa kiko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, na huku jua huzama likishuka karibu wima. Likishazama, anga hubaki na rangi yake kwa takriban dakika 20, kisha giza. Anayeiona rangi hiyo Forodhani akasema akimbie Michenzani kuchukua kamera, atarudi taa zimeshawashwa. Mchana wa saa 7 unasubirika. Magharibi haisubiri mtu.

Lakini kamera iliyozimwa mfukoni bila kuandaliwa haina faida kubwa kuliko ile ya kabatini. Iandaliwe kabla ya kutoka nyumbani. Kwa lenzi ya Ricoh hiyo, ya 18.3 mm, inayoona upana sawa na 28 mm kwenye kamera ya sensa kubwa, weka uwazi f/8 na fokasi (umbali wa kulenga) kwa mkono kwenye mita 2.5. Hapo kila kitu kuanzia mita 1.1 hivi hadi upeo wa macho kitatoka kwa ukali unaokubalika, na kamera haitapoteza muda kutafuta pa kulenga. Kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, ijipandishe yenyewe hadi 6400. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, penye kivuli cha kuta ndefu, ISO itapanda hadi 800 au 1600. Iache ipande, kwa sababu chembechembe kidogo kwenye picha zinavumilika kuliko mtu aliyetoka na ukungu wa mwendo. Jioni mwanga ukipungua, kanuni hubadilika. Ukifungua lenzi hadi f/2.8 na kulenga mita 2, eneo kali hubaki kuanzia mita 1.5 hadi 3 tu. Wengi husahau kubadilisha, wakapiga wakiwa mita 5, kisha wakailaumu lenzi.

Betri ya kamera ndogo kama hii hufikia picha 200 hivi. Beba ya pili.

Kubeba kila siku pwani kuna gharama yake, na hapa ndipo kamera nyingi hufia. Upepo wa baharini huleta chumvi, na chumvi huvuta maji hata ukiwa ndani. Kila jioni ifute kamera kwa kitambaa kilicholowekwa maji baridi yasiyo ya chumvi na kukamuliwa sana, kisha kikavu. Kwenye kioo usianze na kitambaa: puliza kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, maana punje moja ya mchanga chini ya kitambaa inatosha kukwaruza. Ukiwa ndani ya chumba chenye kiyoyozi, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki wa zipu kabla ya kutoka, na uache dakika 20 hadi 30 huko nje ipate joto. Ukiitoa kwenye mfuko ikiwa bado baridi, umande utatanda juu ya kioo, na hata ndani yake.

Adui mkubwa wa msimu wa masika ni fangasi. Hustawi unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 60 na kitu kwa siku nyingi gizani, yaani ndani ya begi. Pochi ya ngozi ni mbaya zaidi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu. Kwa kuihifadhi, kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana, gramu 100 za silika (punje za kunyonya unyevu) na kipimo kidogo cha unyevu vinatosha. Lenga asilimia 40 hadi 50. Chagua silika ya rangi ya chungwa, na ikishageuka kijani ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili. Ukweli ni kwamba kamera inayotoka kila siku, ikapata hewa na mwanga, haishikwi na fangasi kirahisi kama ile iliyofichwa. Hiyo nayo ni hoja ya kuibeba.

Kuibeba si kuitoa. Bandarini, uwanja wa ndege, karibu na kambi na vituo vya polisi, ibaki mfukoni. Msibani iache nyumbani kabisa.

Na watu? Mji huu una desturi ya zamani ya picha ya kujiandaa. Mpiga picha Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na waliokwenda studio walikwenda wamevaa, wamejitengeneza, wanajua wanataka waonekane vipi. Kamera ya mfukoni humkuta mtu akiwa na kapu la mihogo na jasho usoni. Naona anastahili nafasi ileile: salamu kwanza, shikamoo kwa mkubwa, kisha ombi, na akisema hapana, ni hapana. Akikubali, mwache arekebishe mtandio au kofia yake ndipo ubonyeze.

Ndiyo maana mfuko mdogo wa kila siku una kitu cha nne baada ya kamera, betri na kitambaa: bahasha ya picha zilizochapishwa, sentimita 10 kwa 15, za wale waliokubali wiki iliyopita.