Bado wiki sita
Zimebaki wiki sita nihitimu uuguzi, na bado nikiitwa "sista" wodini nageuka kumtafuta anayeitwa. Jana nikapewa dripu ya mgonjwa niipangie kasi: mililita 500 ziishe kwa saa 4, mpira wa matone 20 kwa mililita. Nikapiga hesabu mara tatu, zote zinanipa matone 42 kwa dakika, na bado nikaenda kumuuliza muuguzi wa zamu! Hakunijibu. Akavua saa yake, akanipa nikahesabu mwenyewe. Kidole kwenye kigurudumu cha mpira, macho juu: tone, tone, tone... 42. Mgonjwa (kumbe alikuwa ananitazama muda wote) akauliza, "Sista, kesho upo?" Nikamwambia nipo. Sauti haikutetemeka. Leo nimeamka kabla ya alamu.