Nilivyowajua wasomaji wetu kwa tone la gundi

Jarida letu hutoka mara nne kwa mwaka hapa Amu (Lamu), kurasa 32, na kwa miaka mitatu tuliliandika bila kujua hasa linasomwa na nani. Hesabu ya nakala zilizouzwa tulikuwa nayo, lakini hapa nakala moja haisomwi na mtu mmoja. Hununuliwa mtaani Langoni asubuhi, adhuhuri iko barazani, usiku imeingia ndani kwa akina mama, na mwisho wake hufungiwa njugu. Mimi nilitaka kuijua safari hiyo yote, tena kwa uhakika, kwa sababu toleo moja linatugharimu pesa nyingi na kila ukurasa usiosomwa ni pesa tumezitupa baharini.

Ushauri wa kwanza tuliununua. Jamaa mmoja mwenye ofisi bara, tuliyemlipa karibu nusu ya gharama ya kuchapa toleo zima, alituambia tuweke fomu mtandaoni: "Mkipata majibu mengi, kazi imekwisha." Nikamsikiliza. Majibu yakamiminika, zaidi ya 400 kwa wiki mbili, tukashangilia ofisini. Nilipokaa kuyasoma moja moja moyo ukanipoa. Wengi waliandika kutoka Mombasa, Nairobi, Dubai na Jeddah, watoto wa Amu waliohama wanaolipenda jarida kwa kuwa linawakumbusha kwao. Walitaka picha za milango ya nakshi na habari za majumba ya kale. Mvuvi hakuwemo hata mmoja. Fundi wa majahazi wa Matondoni hakuwemo.

Hasira yangu ni kwamba kosa hili ni la zamani na limeandikwa kila mahali. Mwaka 1936 jarida la Marekani liitwalo Literary Digest lilituma kadi milioni 10 kuuliza watu watampigia nani kura ya urais. Zikarudi zaidi ya milioni 2, nalo likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa katika orodha za wenye simu na wenye magari, wakati nchi imo katika dhiki kubwa ya uchumi, na waliojibu ni wale waliokuwa na hamu ya kujibu. George Gallup, mtafiti wa maoni ya watu, alihoji watu wachache mno kuliko hao, ila aliwachagua kwa makini, naye akampata mshindi. Mtu anayeuza ushauri wa utafiti asijue kisa hiki, au akijue asikuambie, amekudhulumu.

Basi nikaandika hojaji ya karatasi. Kabla ya kuitawanya niliipeleka Mkomani kwa bibi mmoja anayenijua tangu utotoni. Nilipopiga hodi akaniita kutoka ndani, "Ndoo, mwanangu, ndoo ukeleti," yaani njoo ukae. Nikamsomea swali la kwanza: "Je, unapendelea maudhui gani?" Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele wake.

"Maudhui ni kitu gani, mwanangu?"

Nikamweleza kwa urefu.

"Kumbe ni hilo. Basi niulize ni wapi nilipocheka na ni wapi nilipomwita mjukuu wangu nikamsomea."

Siku hiyo hiyo nilifuta maswali 14. Moja nililoliweka mahali pake lilikuwa: "Ni ukurasa gani ulimsomea mtu mwingine kwa sauti?" Hilo limenifunza mengi kuliko maswali mengine yote pamoja. Tafadhali, jaribuni hojaji zenu kwa watu watano kabla ya kupeleka kitu kwa mchapaji.

Kwa akina mama niliingia mwenyewe nyumbani, wakati wa alasiri kazi zimepungua. Barazani nilimtuma mtoto wa kaka yangu. Alibeba nakala safi, akawa anafungua ukurasa kwa ukurasa na kuuliza: "Huu uliuona? Uliusoma wote?" Njia hii si yangu. Gallup aliitumia kwa magazeti katika tasnifu yake ya udaktari, Chuo Kikuu cha Iowa, mwaka 1928, kwa kuwa anachosema mtu amesoma na alichosoma kweli ni vitu viwili mbali. Sisi tuliongeza mtego: katikati ya nakala ile tulipachika makala juu ya Ngome ya Amu, makala ambayo haikuwa imechapishwa bado. Wazee kadhaa, watu wa heshima zao, walisema wameisoma na imewapendeza sana. Siwalaumu hata kidogo. Kijana wa jirani amekuja na jarida la kwao, ni nani atamvunja moyo mbele za watu? Adabu ndiyo iliyojibu. Ila mimi nilibaki bila jibu.

Hapo ndipo nilipokumbuka gundi. Watafiti wa majarida Marekani walikuwa wakibandika kurasa mbili kwa tone dogo mno, kisha nakala zikirudi wanatazama ni wapi gundi imeachia. Ukurasa haujui adabu.

Jaribio la kwanza nilitumia uji wa unga wa ngano, kwa kuwa ni rahisi na uko jikoni. Nikabandika nakala 10, nikaziacha kwa kinyozi na mkahawani Mkunguni. Baada ya siku tatu unyevu wa pwani ulikuwa umeinywesha karatasi. Kurasa nyingine ziligandana mpaka zikachanika, na kwa kinyozi mende walikula pembe zote. Nakala zote zikaharibika. Mara ya pili nilinunua gundi ya karatasi ya wanafunzi, nikaitia kwa ncha ya kijiti cha meno, tone la ukubwa wa punje ya mtama, kwenye ukingo wa nje, nusu kidole kutoka chini. Nililiacha likauke kabisa ndipo nikafunga jarida. Likifunguliwa hutoa mlio mdogo tu, na hubakiza kovu linalong'aa ukiliinamisha juani. Usiku mmoja mimi na binti yangu tulibandika nakala 40, tukazipeleka forodhani, kwa mafundi cherahani, kwa mama wa hina, mikahawani, na nyingine kwa mashua hadi Matondoni. Nyuma ya kila nakala nilibana karatasi: "Ukisoma, weka mstari mmoja."

Wiki ya Maulidi nilijiepusha nayo. Mji hujaa wageni wa Msikiti wa Riyadha kutoka kila pembe ya pwani, na ningepima wageni nikidhani napima wenyeji.

Zilirudi nakala 33. Makala ndefu juu ya bandari mpya, ambayo barazani kila mmoja aliisifu, gundi yake ilikuwa nzima katika nyingi ya hizo. Ukurasa wa afya ya mama mjamzito ulikuwa umefunguka karibu kote kwa mafundi na kwa mama wa hina. Na jedwali la maji, yaani saa za bahari kujaa na kupwa, kile kipande tulichokuwa tukikibana ukurasa wa 29 ili kujaza nafasi, lilikuwa limefunguka hata katika nakala ambazo kurasa nyingine zote zilikuwa bado zimegandana. Nakala ya forodhani ilinuka samaki, na kwenye siku za bamvua, maji yanapojaa sana, mtu alikuwa ametia alama za kalamu. Nyuma yake palikuwa na mistari 19.

Wote waliotuwekea nakala niliwarudia nikawaeleza gundi ilikuwa ya nini, na namba za simu sikumwandikia mtu bila ridhaa yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inatuhusu hata sisi wadogo.

Jedwali sasa liko jalada la nyuma, kwa herufi kubwa, na tundu pembeni la kutundikia. Makala ya bandari haikufa: tumeikata vipande vifupi, tukaanza na yale yanayowagusa wavuvi. Toleo lijalo naipeleka gundi Faza na Kizingitini, kisiwani Pate. Boti za huko hupita mkondo mwembamba wa Mkanda maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo siku ya safari nimeichagua kwenye jalada letu la nyuma.