Shangazi ana kila kitu, lakini zawadi ya bethdei nilimpatia

Shangazi yangu ana duka la vyombo la jumla pale Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, Uganda, na mtu wa Kikuubo huwezi kumpelekea seti ya vikombe, hata bei yake anaijua kukuzidi. Wanawe wako nje, kila wakija ni simu mpya, pafyumu, mikoba. Gomesi, yale magauni marefu ya kina mama wa Uganda, zimejaa kabati mpaka mlango haufungi vizuri. Ukimpa kitu cha dukani anakushukuru kwa moyo kabisa, halafu baada ya mwezi unakikuta kwa jirani.

Sasa mwaka jana alikuwa anatimiza miaka 60, mwisho wa mwezi wa kumi na moja, na mimi huyu mama ndo kanilea baada ya baba yangu kufariki, nilitaka kitu ambacho kitamgusa kweli. Nikaacha kabisa kuwaza anataka nini, maana akitaka anajinunulia, nikaanza kusikiliza analalamika nini. Hapo ndo nawaambia wenzangu mtege sikio, mtu awe na hela vipi bado kuna kitu kinamkera kila siku na hela haijakimaliza.

Yeye kila msimu wa senene, wale wadudu wa kuliwa kama panzi, lazima aseme. Eti hawa wa barabarani wamenyonyolewa nusunusu, unatafuna unakutana na miguu, mara wamelala wamechacha. Na yeye aliolewa Masaka, kule senene ndo kwao, marehemu mumewe kila msimu akishakula senene alioshika na kunyonyoa Shangazi anamnunulia gomesi, ndivyo ilivyokuwa desturi ya Buganda toka zamani, mke analeta senene mume analeta gomesi. Siku hizi vidole vinamuuma, baridi yabisi, kukaa chini anyonyoe hawezi tena. Gunia zima anaweza kununua bila kuumia, mikono ndo hana. Basi nikajua, zawadi ni hiyo.

Ila jamani ukitaka kumfanyia mtu hivi uliza ukoo kwanza, maana Buganda kuna ukoo wa Nsenene na wenyewe huyo mdudu hawamli, ni mwiko wao. Sisi watu wa Bombo, mji ulio kaskazini ya Kampala, hatuna shida hiyo.

Senene wana misimu miwili, mdogo mwezi wa nne na wa tano, mkubwa wa kumi na moja kuingia wa kumi na mbili, na kuna mwaka wanakuja wachache sana. Kwa hiyo nilianza na kikapu, nikaenda Bombo kwa mama mmoja wa Kinubi anayesuka, akanitengenezea kikubwa chenye kifuniko, rangi nyekundu na kijani na njano, ili hata senene wakikataa kushuka niwe na cha kuanzia. Mvua zikashika, jamaa wa mitego akanipigia simu mchana akasema leo usiku hakuna mwezi, njooni. Na ni kweli giza ndo linasaidia, mwezi uking'aa taa zao hazivuti wadudu vizuri.

Mimi na mume wangu tukatoka Kampala jioni, kilomita kama 130, tukafika Nyendo, pale Masaka, usiku. Kama hujawahi kuona mitego ya senene, wanasimamisha mabati marefu, chini ya kila bati pipa, juu taa kali sana, pembeni wanachoma majani mabichi moshi uwaleweshe. Senene anakuja mbio anagonga bati anateleza tiririii mpaka ndani ya pipa, na ikifika saa ambayo wamekuja kwa wingi huwezi hata kusikilizana kwa hiyo kelele. Vaeni mikono mirefu na miwani ya jua, taa zinaumiza macho na kuna kadudu kembamba kanakuja nao, kakipondeka kwenye ngozi inaungua. Tukanunua walio hai, kwenye gunia linalopitisha hewa. Kwenye kavera, mfuko wa plastiki, wanapata joto wanakufa njiani, na senene aliyekufa kitambo ndo huyo Shangazi anayemlalamikia.

Alfajiri binamu zangu walikuwa kwangu, mikeka imetandikwa sebuleni. Unapaka majivu mikononi wasiteleze, unatoa miguu, mbawa, halafu zile pembe nyembamba za kichwani. Kazi inachosha mgongo sijui nisemeje, lakini nilikuwa nawapitia mmoja mmoja, nikiona mguu umebaki narudisha. Tukaosha, tukakaanga moto mdogo bila mafuta, mafuta wanayo wenyewe, unageuza tu mpaka waanze kulia kavukavu kwenye sufuria. Wa kula siku hiyo nikatia vitunguu na chumvi, wa kuweka nikawaacha bila vitunguu maana vinaleta unyevu, nikawaacha wapoe kabisa ndo nikafunga kwenye makopo.

Siku yenyewe kulikuwa na watu wengi, zawadi zimepangwa mezani na makaratasi yanang'aa. Shangazi akafungua kikapu, akachukua senene mmoja, akamgeuza akamkagua kama anavyokagua sahani ya mzigo mpya, akala. Akauliza, "Hawa nani kawanyonyoa?"

"Sisi, Shangazi. Mimi na kina Aisha, kuanzia alfajiri."

"Mwanangu, hata mguu mmoja!"

Akaita mashoga zake wa zamani wa Masaka wakae karibu, akawahadithia gomesi ya kwanza mumewe aliyomnunulia, ya zambarau, mimi hiyo hadithi sikuwahi kuisikia na nimekaa kwake miaka. Wageni walionja wa kwenye sahani. Makopo aliyabeba mwenyewe mpaka chumbani akafunga na ufunguo, na kwa jirani safari hii hakikwenda kitu. Kina Aisha wameshaniambia msimu huu wanakuja tena, na jamaa wa Nyendo namba yangu anayo.