Kabla hujalipia Final Fantasy XIV ukiwa Dar au Nairobi

Kwa gemu ya kawaida, kununua au kutonunua ni suala la bei na ladha yako. Kwa MMO, gemu inayokaa kwenye seva za kampuni na kuchezwa na maelfu kwa wakati mmoja, bei ya dukani ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Final Fantasy XIV ya Square Enix inafaa kuwa mfano kwa sababu inaulizwa sana, na kwa sababu jibu la mtu wa Berlin halimfai mtu wa Tabata au Kasarani.

Kwanza, kinachowaponza wengi. Gemu hii ina jaribio la bure lisilo na kikomo cha siku. Tangu Oktoba 2023 jaribio hilo lina gemu ya msingi, A Realm Reborn, pamoja na nyongeza mbili, Heavensward na Stormblood, hadi leveli 70. Sasa tazama kilichomo kwenye Starter Edition, toleo la kuanzia ambalo unalilipia: A Realm Reborn, Heavensward na Stormblood. Hadithi ileile, ramani zilezile. Unacholipia ni kufunguliwa pingu tu. Kwenye jaribio huwezi kushika zaidi ya gil (pesa za ndani ya gemu) 300,000, soko la wachezaji hulitumii, hupeani vitu na mwenzako, huingii kwenye chama, huanzishi kundi (ukialikwa unaingia) na humtumii mtu ujumbe wa faragha.

Kama unacheza peke yako na huna rafiki anayekusubiri ndani, pingu hizo hutazihisi kwa miezi. Lakini siku ukisajili msimbo wa toleo kamili, akaunti hiyo hairudi tena kwenye jaribio. Siku 30 za mwanzo zinazokuja na toleo hilo zikiisha na hujalipa ada, huingii kabisa, hata kwenye zile sehemu ulizokuwa ukizicheza bure wiki iliyopita. Ndiyo maana Starter Edition ikishuka bei Steam, duka la gemu za kompyuta mtandaoni, punguzo hilo ni la kuliogopa kidogo.

Kosa la pili ni kununua nyongeza mpya mapema. Dawntrail, iliyotoka Julai 2024, inaanzia leveli 90, na haifunguki mpaka umalize hadithi kuu yote iliyotangulia. Hayo ni mamia ya saa. Anayecheza saa mbili kila usiku na kununua kila kitu siku ya kwanza ameweka pesa kwenye chumba ambacho ufunguo wake ataupata mwakani. Square Enix wanauza pia njia ya kuruka hadithi, ila hadithi ndiyo sababu kubwa ya watu kuipenda gemu hii, kwa hiyo ukiiruka unabaki unajiuliza ulinunua nini. Isitoshe, nyongeza ya karibuni huja na zile zilizotangulia ndani yake. Ukisubiri hupotezi kitu.

Ada sasa. Mpango mdogo ni dola 12.99 kwa siku 30, wa kawaida ni dola 14.99. Tofauti kubwa ni idadi ya wahusika unaoweza kuwa nao, na kwa kuwa mhusika mmoja anaweza kujifunza kazi zote za kivita (kazi ni aina ya mpiganaji), karibu kila mgeni anatoshwa na mdogo. Kwa mwaka, mpango huo ni dola 155.88, yaani kama shilingi 20,000 za Kenya ukihesabu dola kwa 130. Weka hiyo namba mezani kabla ya bei ya gemu yenyewe. Halafu kuna nyumba. Ukifanikiwa kupata kiwanja ndani ya gemu na usiingie nyumbani humo kwa siku 45, nyumba inabomolewa. Kuna watu wanalipa ada mwezi baada ya mwezi kwa ajili ya hilo tu. Usiingie kwenye bahati nasibu ya viwanja mwaka wako wa kwanza.

Tuje kwenye pingi, yaani milisekunde ambazo ishara inatumia kwenda kwenye seva na kurudi. Hapo ndipo uamuzi wenyewe ulipo.

Seva iliyo karibu nasi ni ya Ulaya. Ishara ndani ya kebo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kebo ya kilomita 10,000 peke yake inakula milisekunde 100 kwenda na kurudi, kabla hujahesabu ruta za njiani. Ukipata kati ya 140 na 180 kwa laini ya nyumbani, hiyo ni laini nzuri. Programu za kulipia zinazoahidi kushusha pingi husaidia pale tu kampuni yako ya intaneti inapokuzungusha njia ndefu. Umbali hazifupishi.

Je, 170 inachezeka? Inategemea kazi utakayoichagua, na hesabu yake iko wazi. Shambulio la kawaida katika gemu hii linarudi kila sekunde 2.5. Katikati yake kuna uwezo wa papo kwa papo unaochomekwa. Kila unachobonyeza kinakufunga mikono kama sekunde 0.6, na pingi yako inaongezwa juu ya hapo. Ukiwa na 170, kila kitendo kinakula 0.77. Shambulio moja na viwili vya kuchomeka ni 2.31, bado uko ndani ya 2.5. Pingi ikipanda hadi 250, kila kitendo ni 0.85 na vitatu ni 2.55: umechelewa, shambulio linalofuata linasukumwa mbele, na hivyo hivyo pambano zima.

Kati ya kazi hizo, Machinist ndiye anayeumia zaidi. Akiwasha Hypercharge, uwezo wake wa kuongeza kasi kwa muda mfupi, mashambulio yake yanarudi kila sekunde 1.5, na anatakiwa achomeke kimoja katikati. Viwili kwa 0.77 ni 1.54. Yaani kwa pingi ambayo huku tunaiita nzuri, kazi hiyo tayari inavuja kila mara unapoiwasha. Ninja naye, kwa ishara zake za vidole zinazobonyezwa haraka haraka, ana shida ya namna hiyo. White Mage au Black Mage, ambao muda wao mwingi unakwenda kwenye kuvuta uchawi, hawaoni tofauti kubwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, jaribu kwenye jaribio la bure ile kazi unayoitamani. Ukiona vidole vinasubiri skrini, badilisha kazi. Ukibaki na gemu ileile na kazi isiyokufaa utailaumu gemu bure.

Alama za hatari za ardhini nazo zinahitaji mazoea. Seva inaamua umepigwa au hujapigwa pale mstari wa kuvuta uchawi wa adui unapojaa. Mlipuko unaouona baadaye ni picha tu. Na mahali seva inapoona umesimama ni pale ulipokuwa sekunde kidogo nyuma. Ukitoka mstari ukiwa robo tatu, uko salama. Ukingoja uone moto, umekufa ukiwa nje ya duara na hutaelewa kwa nini.

Gemu yenyewe haikuonyeshi pingi. Kwenye Windows fungua Resource Monitor (bonyeza kitufe cha Windows na R, andika resmon), nenda kichupo cha Network, kisha TCP Connections, utafute ffxiv_dx11.exe. Safu ya Latency ni milisekunde zako, na Packet Loss ni asilimia ya pakiti zinazopotea njiani. Ya pili ndiyo ya kuangalia kwa jicho kali. Pingi ya 190 iliyotulia inazoeleka ndani ya siku mbili. Pingi ya 150 inayoruka hadi 400 kila dakika, pamoja na pakiti asilimia 2 zinazopotea, haizoeleki hata kidogo. Pima saa ambazo utacheza kweli. Kipimo cha saa nne asubuhi mtaa ukiwa kazini hakina maana, pima saa tatu hadi saa sita usiku kila nyumba ikiwa kwenye video. Ukiwa kwenye Wi-Fi, rudia kwa waya kabla ya kuilaumu kampuni ya intaneti. Mara nyingi ukuta wa sebule ndio mkosaji.

Na kuna siku ambazo hakuna la kufanya. Mei 2024 kebo za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilikatika pamoja upande wa kusini, na Tanzania, Kenya na Uganda zilisuasua kwa siku kadhaa. Ada ya mwezi haisimami kwa sababu ya nanga au mwamba wa baharini.

Saa za seva, kwa bahati, zinatupendelea. Shughuli za kila siku ndani ya gemu zinaanza upya saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, na za wiki kila Jumanne saa tano asubuhi. Ulaya ikifika saa mbili usiku huku ni saa tatu au saa nne, kulingana na msimu wao, kwa hiyo foleni za makundi zinajaa wakati na sisi tumeshakula.

Kompyuta: mahitaji ya chini yaliyotangazwa kwa Dawntrail ni prosesa ya Core i7-7700, RAM ya GB 8, kadi ya grafiki ya GTX 970 na nafasi ya GB 140. Usibahatishe. Square Enix wanatoa bure programu ya kupima inayoendesha vipande vya gemu na kukupa alama. Ni ndogo sana ukilinganisha na gemu, na kama itakwamia hapo, umeokoa bando.

Bando lenyewe halitafunwi na kucheza. Linatafunwa na kupakua. Kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, kila GB 10 inachukua zaidi ya saa moja. Hapa kuna mtego wa Steam: Steam wanarudisha pesa ndani ya siku 14 kama hujafikisha saa mbili za kucheza, lakini sehemu kubwa ya gemu hii inapakuliwa na programu yake ya kufungulia, na Steam inahesabu muda huo kuwa unacheza. Hata GB 20 hujamaliza, haki ya kurudishiwa imeshapita. Dawa ni kupakua jaribio kutoka tovuti ya Square Enix. Ukinunua kwao baadaye hupakui upya. Ila chagua duka mara moja tu, kwa sababu akaunti iliyosajiliwa toleo la Steam itadai kila nyongeza ya Steam, na ya Square Enix haipokei ya Steam. Msimbo wa bei poa wa Steam kwa akaunti isiyo ya Steam ni pesa iliyotupwa. Kama rafiki ameshapakua, nakili folda nzima kwa diski ya nje, na programu ya kufungulia itamalizia kilichopungua.

Sasa, kama hesabu ya ada imekukera, tazama Guild Wars 2 kabla ya kukata tamaa. Haina ada ya mwezi, gemu ya msingi ni bure tangu 2015, na leveli ya juu imebaki 80 tangu ilipotoka 2012, kwa hiyo ukiondoka miezi sita silaha zako bado zina thamani. Kwa mtu ambaye intaneti yake au mfuko wake hauna uhakika kila mwezi, naiona ndiyo bora. Cha kununua kwanza ni kile kifurushi cha Heart of Thorns na Path of Fire, kwa ajili ya kupaa angani na wanyama wa kupanda, na kingoje punguzo, maana halikosekani. Kasoro yake ni kwamba vipande vya hadithi vilivyo kati ya nyongeza vinauzwa kivyake, na ukivikosa hadithi inakuruka. Faili lake kuu, Gw2.dat, ni moja tu na linanakilika kwa diski. Ukiwa ndani andika /ip upate anwani ya seva ya kupimia pingi.

Usiamini sana takwimu za Steam ukitaka kujua kama gemu ni hai. Guild Wars 2 ilifika Steam 2022 tu, na akaunti za zamani haziunganishwi huko, kwa hiyo wachezaji wengi hawahesabiwi. Na kinyume chake: New World ya Amazon ilivuka watu 900,000 kwa wakati mmoja Steam mwaka 2021, na Oktoba 2025 ikatangazwa kwamba haitapata tena maudhui mapya. Bora uangalie masasisho makubwa ya mwaka mmoja uliopita yalitoka lini na lini.

Turudi kwenye ada ya Final Fantasy XIV. Malipo ya kujirudia kwa kadi ya mtandaoni ya kampuni ya simu hukwama mara kwa mara, kwani tarakimu za usalama mara nyingi ni za muda mfupi na salio huwa halipo siku ya kukatwa. Kadi ya muda wa kucheza ya siku 60 haina usumbufu huo, mradi eneo lake lilingane na la akaunti. Na ukishapata msimbo wa toleo kamili, uache kwenye barua pepe mpaka wiki ambayo una nafasi. Siku 30 zinaanza kuhesabika unapousajili.