Darasa la kwanza muhula huu: tutakachofundisha, na mnachoweza kufanya nyumbani

Shule zimefunguliwa, na kwa mara nyingine nimekabidhiwa darasa la kwanza. Kila Januari, kabla sijamaliza kuandika majina kwenye daftari la mahudhurio, wazazi hunisimamisha mlangoni kuniuliza mtoto atasoma nini muhula huu na wao wamsaidie vipi nyumbani. Mwaka huu aliyenitangulia kwa swali hilo alikuwa bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwalimu, mimi shule sikwenda. Huyu nitamsaidia nini?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu nyuma yake walikuwa wamesimama wazazi wengi, lakini swali lake limenikaa moyoni, na haya ninayoyaandika ndiyo majibu niliyopaswa kumpa siku ile.

Katika shule zetu za Tanzania, masomo ya darasa la kwanza na la pili yamejengwa juu ya stadi tatu zinazojulikana kama KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mpangilio huo ulianza mwaka 2015, na mtaala ulioboreshwa, ambao ulianza kutumika Januari 2024, haukuziondoa stadi hizo kwenye kiini chake. Saa nyingi za muhula huu zitakwenda huko, kwa kuwa mtoto asiyezishika katika miaka hii miwili huubeba mzigo huo hadi madarasa ya juu, ambako mwalimu wa somo jingine hana tena nafasi ya kurudi kwenye silabi.

Tutaanza na kusoma, na kusoma kwenyewe kutaanza na sikio. Kabla ya kumwonyesha mtoto herufi yoyote, ninataka asikie kwamba neno lina vipande, na kwamba kila kipande kina sauti zake. Baada ya hapo tutaingia kwenye irabu tano, a, e, i, o, u, kisha konsonanti moja baada ya nyingine. Hapa nina ombi kubwa kwa wazazi: mfundisheni mtoto sauti ya herufi, si jina lake. Mtoto aliyezoeshwa kusema "be" kila aionapo b, akikutana na "ba" husoma "be-a", na si kosa lake, kwa maana ndivyo alivyofundishwa. Sauti ya b ni ile fupi inayotoka midomo inapoachana, na sauti ya m ni ule mvumo tunaoutoa tukiwa tumefumba midomo. Anayezijua sauti huziunganisha mwenyewe bila kulazimishwa.

Lugha yetu ni rafiki mkubwa wa mtoto anayejifunza kusoma, kwa sababu inaandikwa karibu sawasawa na inavyotamkwa, na silabi zake nyingi huishia na irabu. Katika darasa langu konsonanti ya kwanza huwa ni m, na kwa herufi sita tu, yaani m na zile irabu tano, mtoto anaweza kusoma mama, mimi, mume na hata umeme. Huwa ninaisubiri siku ya neno umeme. Mtoto huweka kidole chini ya u, akasema "u", akasogeza, akasema "me", akasogeza tena, "me", halafu hunyamaza, hurudia kimoyomoyo, na ghafla huinua macho kuitazama taa iliyo darini. Tukiongeza k, wanasoma kuku, kaka na mkeka, na sentensi ya kwanza inapatikana: kuku ameumia. Tukiongeza t, tunapata taa, moto, kiti na mkate. Sauti zinazoandikwa kwa herufi zaidi ya moja, kama ch, sh, ny, mb, ng na ng', zitasubiri hadi hizi nyepesi ziwe zimekaa.

Ninasisitiza sauti kwa sababu ya jambo lililonipata miaka ya nyuma. Nilikuwa na mtoto aliyesoma ukurasa mzima bila kukwama, nami nikamsifu mbele ya wenzake na kumwandikia mzazi maneno mazuri. Siku moja nilimwekea kidole kwenye neno lililokuwa katikati ya ukurasa ule ule, nikamwomba alisome hilo tu. Alinitazama, akarudi mstari wa kwanza, akaanza kughani kutoka juu hadi alipolifikia. Hakuwa anasoma, alikuwa ameukariri ukurasa kwa kuwasikiliza wenzake, na mimi nilikuwa nimepoteza majuma kadhaa nikidhani anasoma. Tangu siku hiyo, kila mtoto ninampima kwa neno la katikati, na ninawaomba nanyi mfanye hivyo. Akikusomea mistari minne kwa mbio, mwonyeshe neno moja la mstari wa tatu. Akishindwa, usimgombeze, rudini kwenye silabi zake mkiwa wawili.

Sasa nimgeukie yule bibi, maana sehemu hii ya sikio haihitaji mtu aliyesoma. Mnapochambua mchele au kumenya viazi, mwambie mjukuu, "Ninaona kitu kinachoanza na sauti mmm," naye atafute: mwiko, mlango, mtungi. Pigeni makofi kwa kila kipande cha majina ya watu wa nyumbani, na mtoto aseme ni nani mwenye makofi mengi kuliko wote. Mkifika kwenye mkate, msikilizeni vizuri, kwa kuwa wengi husema na baadaye huandika "mukate". Hilo ni kosa la mtoto anayesikiliza kwa bidii, ambaye bado hajaambiwa kwamba m inaweza kusimama peke yake kama silabi: m-ka-te, makofi matatu. Na jioni, tegeni vitendawili. Mtoto aliyezoea kuitikia "Tega!" huingia darasani akiwa na hazina ya maneno, na mwenye maneno mengi kichwani akimaliza kuunganisha m-ke-ka hulitambua neno papo hapo, ilhali yule ambaye hajawahi kulisikia hubaki na sauti tatu zisizomwambia kitu.

Katika mitaa yetu watoto wengi huingia shuleni wakichanganya r na l. Tafadhali msiwacheke. Chukueni kalamu, mwekeeni mkononi, kisha mwelezeni karamu ni nini, watu wamekaa, pilau limepakuliwa, na mwacheni ayaseme maneno yote mawili polepole. Tofauti ya maana ndiyo itakayomfanya aisikie tofauti ya sauti.

Wazazi wengi huniambia kwamba hawana vitabu nyumbani, na ninajua wanasema kweli. Lakini sijapata kuingia kwenye nyumba isiyo na maandishi kabisa. Pakiti ya chumvi ina maandishi, kiberiti kina maandishi, daladala zinazopita barabarani zina maandishi, na karibu kila nyumba ina kanga. Mwacheni mtoto aitandaze kanga kitandani na kutafuta herufi anazozijua kwenye jina la kanga, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Mtambue tu kwamba maandishi ya kanga huwa ya herufi kubwa, na sisi shuleni tutaanza na herufi ndogo, kwa hiyo kazi hii ifanyeni kuanzia katikati ya muhula. Ikiwa hakuna mtu nyumbani anayeweza kusoma, mtoto anaweza kuhesabu ni mara ngapi herufi a imeonekana, na akija shuleni anieleze.

Kuhusu kuandika, ninawasihi msiwe na haraka ya penseli. Mkono wa mtoto wa miaka sita bado ni laini, na anayekabidhiwa penseli kabla vidole havijapata nguvu huishika kwa ngumi nzima, tabia ambayo baadaye ni kazi kubwa kuiondoa. Majuma ya kwanza tutachora mistari iliyosimama, iliyolala, iliyoinama na mawimbi, ndipo tuingie kwenye kuumba herufi. Nyumbani, kazi zinazoimarisha vidole ni zile zile za kila siku: kukamua kitambaa, kufinyanga udongo, kufunga vifungo vya shati la shule, kutoa mawe kwenye maharage. Kisha mwacheni aandike kwa kidole kwenye mchanga uliolainishwa. Mchanga unasamehe kuliko karatasi, kwani kosa hufutwa kwa kiganja na hakuna ukurasa unaochafuka. Angalieni anapoanzia kila herufi, si umbo lake la mwisho pekee. Akichanganya b na d msiingiwe na hofu, kwa sababu watoto wengi wa umri huu huzichanganya na huzoea kwa mazoezi. Jina lake liandikeni kwa herufi kubwa mwanzoni pekee, zinazofuata ziwe ndogo. Na mtoto anayetumia mkono wa kushoto, mwacheni autumie. Kumpiga kwenye vidole hakumfundishi kuandika, humfundisha kuliogopa daftari.

Katika kuhesabu, mtaona kwamba watoto wengi tayari wanataja moja hadi ishirini kwa kasi. Mimi huwapa vizibo saba vya soda na kuwaomba wavihesabu, na wengi hupata tisa au kumi, kwa kuwa mdomo unakwenda mbele na kidole kinabaki nyuma. Kazi yetu ya kwanza ni kuvifanya viende pamoja: kizibo kimoja, neno moja. Nyumbani, mpeni kazi ya kuhesabu vitu anavyovigusa na kuvisogeza, kama nyanya za fungu moja mliporudi sokoni. Mdako nao ni somo zuri sana la hesabu, kwani mchezaji hurusha kijiwe juu na kabla hakijaanguka hana budi kuamua ni vijiwe vingapi atakavyovitoa shimoni.

Tukipita kumi, lugha yetu inatusaidia tena. Fungeni vijiti kumi kwa mpira uwe mzigo mmoja, kisha wekeni kando vijiti vitatu: kumi, na tatu. Mtoto anaiona namba na kuisikia kwa wakati mmoja, na ninapoandika 13 ubaoni anaelewa kwa nini 1 imekaa kushoto. Ugumu unaanzia kwenye ishirini, thelathini na arobaini, ambayo ni majina yasiyofichua kwamba ndani yake mna makumi mawili, matatu au manne, kwa hiyo huko vifurushi vya vijiti vinahitajika zaidi kuliko kukariri. Kutoa kutaingia kwa njia ya chakula: nyumbani tuko sita, bibi amesafiri, tuandae sahani ngapi? Na mkimtuma dukani, mpeni sarafu za shilingi 50, 100 na 200 azitambue kwanza mbele yenu.

Masomo mengine nayataja kwa ufupi. Katika afya tutajifunza kunawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, jambo ambalo halitadumu darasani lisipofanyika nyumbani. Kiingereza kitakuwa salamu, rangi na nyimbo, na sitaki mtoto yeyote alazimishwe kukariri orodha ya maneno asiyoyaelewa.

Dakika kumi na tano kwa siku zinatosha. Zikizidi, mtoto aliyeamka alfajiri na kutembea hadi shule anaanza kusinzia, na yote mtakayomwambia hayatabaki. Kama amechoka, mpeni hadithi badala ya daftari, kisha mwacheni alale mapema.

Kwa Jumatatu ijayo naomba kila mtoto aje na vizibo ishirini vilivyooshwa, vikiwa ndani ya mfuko, pamoja na vijiti ishirini vyenye urefu wa kidole. Na kama kuna kanga iliyochakaa ambayo haivaliwi tena lakini jina lake bado linasomeka, nileteeni. Nina ukuta mtupu nyuma ya darasa, nami ningependa kuzitundika hapo ili kuanzia mwezi wa tatu watoto waanze kuzisoma.