Siku Nilipokatizwa Zaburi

Jumamosi iliyopita nilikuwa jikoni namenya ndizi za mtori, binti yangu kajilaza kifudifudi kwenye mkeka na simu yangu, anakariri Zaburi ya 23 ya shule ya Jumapili.

"Mwenyezi-Mungu ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa kitu..."

"BWANA," nikasema, hata sikugeuka.

"BWANA nini?"

"BWANA ndiye mchungaji wangu. Sitapungukiwa *na* kitu. Anza upya."

Akainuka, akaniletea simu hadi puani. "Mama, hapa wameandika hivi. Kwani nimekosea wapi?"

Alikuwa na Habari Njema, ile tafsiri ya Biblia ya Kiswahili chepesi. Hakukosea popote. Nikabaki na ndizi mkononi, utomvu unanikaukia vidoleni, nikijiuliza ni lini sauti ya shangazi ilihamia kooni mwangu. Maana ile "BWANA" haikuwa yangu. Ilikuwa ya shangazi, ya kwenye kaburi la bibi, Old Moshi, na mimi ndiye niliyekuwa nakosolewa.

Ugomvi wa msiba ule ulianza na baba mdogo. Wakati ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, alikuwa bado hajaingia kwenye biashara ya vipuri. Alikuwa ameacha Ulutheri na kujiunga na kikundi kidogo cha ibada kule Arusha. Alikuja msibani na Biblia nyeusi ya King James yenye zipu. Msimamo wa kikundi chao ulikuwa kwamba Neno la Mungu lisilo na doa ni hilo la Kiingereza la mwaka 1611, na tafsiri nyingine zote zimepunguzwa, kwa uzembe au kwa hila. Haya yote, kwa maelezo yake mwenyewe, alifundishwa na mhubiri aliyesema Kiingereza, na mkalimani amesimama pembeni akitafsiri. Nilikuwa na miaka kumi na minne na hata mimi niliona pana kitu hapo hakijakaa sawa, ila mtoto hamwambii baba yake mdogo.

Usiku wa kuamkia maziko wanaume walikaa kuuzunguka moto chini ya migomba, nasi tukipitisha chai. Baba mdogo akalianzisha. Akamwomba Mwinjilisti wa mtaa wetu afungue Muungano yake, ile Biblia ya Kiswahili ya kanisani, Mathayo 17, mstari wa 21, ule wa kusali na kufunga.

"Umeuona?"

"Nimeuona."

"Umefungwa na nini?"

"Na mabano."

"Nani alimpa mtu ruhusa ya kumwekea Mungu mabano?"

Wazee wakaguna. Lilikuwa swali zuri, na ninakiri kwamba pale motoni hakuna aliyekuwa na jibu lake. Mimi nililikuta miaka mingi baadaye. Wale wa 1611 walitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki kilichopigwa chapa, ambacho mizizi yake ni kazi ya Erasmus ya mwaka 1516, naye alikuwa na nakala chache za mkono, nyingi za karne za mwishomwisho. Baadaye zikaja kutumika nakala za zamani zaidi, na baadhi yake hazina mstari huo. Mabano yalikuwa namna ya mfasiri kusema kwamba nakala hazikubaliani hapa, msomaji ajue. Baba mdogo aliyasoma kama makovu ya kisu.

Kisha akatoa silaha yake kubwa, Zaburi ya 12, kwamba maneno ya BWANA ni safi kama fedha iliyosafishwa mara saba, na kwamba Mungu ameahidi kuyahifadhi milele. Akaisoma kwa Kiingereza, akatufasiria mwenyewe. Mwinjilisti akawasha tochi, akapekua taratibu, akasoma mstari wa 7 kwenye Muungano: "Wewe, BWANA, ndiwe utakayetuhifadhi."

Akazima tochi. "Utakaye-*tu*-hifadhi. Hapa tunaohifadhiwa ni sisi, mwanangu. Yangekuwa maneno, angesema utakayeyahifadhi."

Moto mzima ukacheka, hata waliokuja kulia. Kiingereza kina neno lilelile, "them", kwa watu na kwa vitu, unaweza kulipitisha bila kuulizwa. Kiswahili hakikuachii, lazima uonyeshe ngeli. Nami nilikuwa darasa la saba na ngeli zilikuwa zinanitesa. Usiku ule ndipo nilipoona zina kazi.

"Ndiyo nasema wameharibu!" Baba mdogo alisimama kabisa. "Si mnaona?"

Mwinjilisti akamwambia akae, chai inapoa. Akatusimulia kwamba baba yake mzazi alikuwa na Biblia ya Roehl, yule mmisionari Mjerumani, ya mwaka 1937, iliyokwepa maneno yenye asili ya Kiarabu kila ilipowezekana. Muungano ilipokuja mwaka 1952 mzee wake alisusa. Alisema hicho ni Kiswahili cha pwani, si cha kanisa, na aliendelea na Roehl yake mpaka kurasa zikawa zinatoka kama majani. "Sasa hii aliyoikataa baba yangu," akasema akiipigapiga Muungano, "ndiyo mimi nikiona mtu anaiacha moyo unaniuma. Sijui nimwambie nini baba tukionana."

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa bibi, maana kuna jambo ambalo pale motoni nilikuwa nalijua peke yangu.

Wiki zake za mwisho nililala chumbani kwake. Kila usiku nilimsomea Zaburi ya 23 kutoka Muungano yake, ile iliyovalishwa kitambaa cha khanga badala ya jalada na kunuka moshi wa jikoni. Yeye alikuwa akiisema pamoja nami, midomo tu. Usiku mmoja tulipofika kwenye bonde, akaninyooshea kidole.

"Hilo uvuli. Ndiyo nini?"

Nikadhani ananijaribu, kama kwenye kipaimara. Nikasema nadhani ni kivuli.

"Kivuli," akasema kwa Kichaga, akakaa nalo. Kivuli kwa bibi yangu kilikuwa kitu kizuri. Kahawa inapandwa kivulini, chini ya migomba na miti mikubwa. Mgeni anawekewa kiti kivulini. Miaka yote hiyo alikuwa amelitamka lile neno akijua ni la Mungu, basi, bila kuliuliza zaidi.

Nikaenda kuchukua Habari Njema yangu, zawadi niliyopewa shuleni kwa kuwa wa pili. Nikamsomea: bonde la giza kuu.

"Aa," akasema. "Giza. Giza nalijua."

Alikuwa mwanamke wa kushuka sokoni Kiboriloni na mkungu wa ndizi kichwani kabla hakujapambazuka, miaka na miaka, peke yake, kwenye njia zenye utelezi. Akasema hiyo ndiyo niisome siku watakayomzika. Akageukia ukutani, akalala. Sikumwambia mtu. Siku tatu baadaye hakuamka.

Ratiba ya maziko ilipopangwa nikasema nitasoma mimi. Watu wakafurahi: mjukuu anasoma! Hakuna aliyeuliza nasoma nini kutoka wapi.

Kaburi lilikuwa kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, chini ya nyumba, karibu na mfongo, ule mfereji wa maji. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na ule udongo mwekundu ulishika kwenye viatu vyangu vya shule mpaka nikawa mrefu kidogo. Nilisimama kwenye ubao waliouweka pembeni ya shimo. Mbele yangu shangazi, kajifunga khanga mbili. Kushoto baba mdogo na zipu yake. Kwaya nyuma, wanaume wenye makoleo wakisubiri zamu. Nikafungua pale nilipoweka jani la mgomba kama alama.

"Mwenyezi-Mungu ndiye mchungaji wangu..."

Mnajua watu wa kwetu Zaburi ya 23 hawaisikilizi. Wanaisema. Hapo hapo, chinichini, ikaja kama maji kwenye mfereji: *BWANA ndiye mchungaji wangu.* Sauti ya shangazi ilikuwa juu kidogo ya nyingine, na ile "BWANA" aliielekeza kwangu. Nikadhani nitawapita nikisoma kwa nguvu. Nikasema "hunipumzisha", wao wakawa kwenye majani mabichi. Mimi nikafika majini, wao bado wanalazwa malishoni. Sentensi zangu zilikuwa fupi kuliko zao, kwa hiyo nilikuwa nafika mapema kila mahali na kuwasubiri, kisha nikisubiri wananipita. Kuna mtu nyuma alianza kukohoa, au kucheka, sikujua.

Nikafika kwenye bonde. Hapo ndipo nilipotaka kufika. Nikavuta pumzi ili nilisome vizuri, kwa ajili yake. Nikasema, "Hata nikipita katika bonde la giza..."

*Naam, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti.*

Wote. Wanaume wa makoleo, kwaya, Mchungaji mwenyewe na kanzu yake. Hata baba mdogo, nilimwona, midomo yake inakwenda, Kiswahili cha Muungano kinamtoka kinywani kama maziwa ya mama, na 1611 yake imefungwa kwapani. *Sitaogopa mabaya.* Lile "kuu" langu halikutoka. Nilisimama na mdomo wazi na kitabu wazi, na ile zaburi ikanipita kushoto na kulia kama ng'ombe wanavyompita mtu aliyesimama njiani.

Na hapa ndipo sijielewi mpaka leo. Sikukasirika. Ilikuwa nzuri, jamani. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyokuwa nasoma mimi. Wakafika "gongo lako na fimbo yako vyanifariji", nikakifunga kitabu, jani likiwa ndani, nikaungana nao. Niliijua yote, nani hakuijua? Tukaenda pamoja mpaka "nyumbani mwa BWANA milele", na shangazi akanitikisia kichwa kama mtu aliyemrudisha mbuzi zizini.

Baadaye, kwenye sahani za ubwabwa, nilisemwa. Shangazi alisema watoto wa siku hizi wanasoma Biblia nyepesi. Baba mdogo alisema ndiyo matokeo ya kuruhusu tafsiri zizagae. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kwao wawili kukubaliana, sikutaka kuwaharibia. Mwinjilisti alinipitia akaninong'oneza kwamba Luther alipotafsiri Biblia kwa Kijerumani alisema mtu asikilize mama anavyosema nyumbani na watu wanavyosema sokoni. Nikataka kumwambia habari ya bibi pale pale. Akaitwa kwenye kuhesabu rambirambi.

Nikiwa mkubwa nilisoma kwamba hata wale wafasiri wa 1611 waliandika dibaji ndefu, na ndani yake wakasema hata tafsiri dhaifu kabisa ya Kiingereza ni neno la Mungu, na kwenye pambizo za kurasa wao wenyewe wakaandika namna nyingine za kusoma pale waliposita. Biblia nyingi za King James huchapishwa bila dibaji hiyo. Niliipiga picha nikamtumia baba mdogo. Alijibu kwa kidole gumba. Sijui kilikuwa cha kukubali au cha kunifukuza. Nilisoma pia kwamba neno la Kiebrania lililo kwenye lile bonde wasomi wengine wanalisoma uvuli wa mauti, wengine giza kuu. Kwa hiyo bibi na shangazi wote walikuwa na watu wao.

Nimewahi kufikiria kuwaambia familia kwamba lilikuwa ombi lake. Lakini ningelazimika kusema pia kwamba bibi, mama wa kanisa, hakujua maana ya uvuli, na shangazi angeniuliza kama nadhani nimemjua mama yake kuliko yeye. Na ningelazimika kueleza kwa nini nilikifunga kitabu.

Wakati wa kujengea kaburi ugomvi ulirudi. Baba mdogo alitaka mstari wa kwanza kwa Kiingereza, shangazi aliutaka wa Muungano, na mimi safari hii nilipendekeza Habari Njema kwa sauti ndogo, nikaangaliwa. Fundi alikuwa anachaji kwa herufi. Ikaamuliwa ziandikwe namba tu, kila mtu akasome kwake. ZABURI 23, kwa rangi nyeusi juu ya tailizi nyeupe, chini ya jina.

Rangi ya lile neno imebanduka kwa mvua, namba ndiyo inayosomeka vizuri. Desemba iliyopita tulipokwenda kuhesabiwa, yaani nyumbani kwa Krismasi, binti yangu alisimama pale muda mrefu, kisha akaniuliza kama kweli bibi alifariki akiwa na miaka 23.