Kikao cha vijana kabla ya 2027: kazi iko kabla ya viti kupangwa

Kura ya Kenya ni Agosti 10, 2027, na huko Burnt Forest na Molo, miji ya Bonde la Ufa ambako jamii zilipigana baada ya uchaguzi wa 2007, vikao vya amani vya vijana vitaitishwa tu. Vingi huishia kwenye soda na picha ya pamoja.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki, iliyozichunguza. Kijana wa miaka 25 leo alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Hana alichoona, ana alichosimuliwa jikoni, na hicho ndicho atakachokuja nacho kikaoni. Kwa hivyo keti kwanza na kila upande, yaani kila jamii, peke yake, angalau mara mbili, uwaache wamwage yote. Mkiwakutanisha kabla ya hapo, dakika kumi za kwanza zitaenda kwa kuulizana nani alianza, na hamtatoka hapo.

Siku yenyewe, watu 20 wanatosha. Wakipita 30 wanaanza kuhutubiana. Waongozaji wawe wawili, mmoja kutoka kila upande. Mahali pasiwe kanisa la jamii moja, wala ofisi ya chifu, maana hapo kila mtu husema anachodhani chifu anataka kusikia. Darasa wakati wa likizo linafaa, madawati yazungushwe. Epukeni siku ya soko, watu wa boda hawaachi wateja. Mkifanyia uwanjani, OCS (mkuu wa kituo cha polisi) apate barua siku 3 hadi 14 kabla.

Neno "madoadoa", la kuwaita watu wa jamii nyingine doa katika eneo, litatajwa. NCIC, tume ya taifa ya uwiano na utangamano, waliliweka kwenye orodha ya maneno ya chuki mwaka 2022, lakini orodha haifungi mdomo. Usimkemee aliyelisema. Muulize alilisikia wapi mara ya kwanza, kisha mwache aliyeitwa hivyo aeleze lilimfikaje. Kuna kimya kitafuata, kirefu. Mwongozaji mgeni hukimbilia kukijaza na wimbo au mchezo, na hapo ndipo kikao hupotea.

Kinachovunja zaidi ni pesa. Nauli iwe sawa kwa wote, itajwe siku ya mwaliko, ilipwe mwisho. Mheshimiwa akileta fulana zenye sura yake, zirudishwe siku hiyo hiyo, hata kama ni nzuri (na huwa nzuri).

Makubaliano yawe ya vitu vinavyoshikika: nani anapakia abiria steji gani, ng'ombe akipotea nani anapigiwa simu kabla ya mtu kushika rungu. Chagueni watu wanne, wawili kila upande, wa kuhakiki uvumi. Sauti ya WhatsApp ikifika saa nane usiku kwamba kuna nyumba inaungua, aliye karibu anaenda kutazama, anampigia mwenzake wa upande wa pili, ndipo wote wawili wanaandika kwenye gurupu zao maneno yale yale.